Mkazo wa Kinubi cha Kibera na Sikio la Mswahili

Wapo wanaokitaja Kinubi cha Kibera, lugha iliyotokana na Kiarabu cha askari wa Sudan, kuwa ni Kiarabu kilichovunjika. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo imetolewa na sikio lisilosikiliza.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tumezoea mkazo uangukao kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno yanayoasi kanuni hiyo ni machache: barabára ni njia, barábara ni sawasawa. Katika Kinubi mkazo ni sarufi yenyewe. Kásulu ni kuosha. Kasúlu ni uoshaji. Kasulú ni kuoshwa. Kazi tunayoifanya kwa kiambishi -w-, Mnubi huifanya kwa kuhamisha mkazo tu. Lugha yenye utaratibu kama huo haikuvunjika; imejengwa upya.

Bernd Heine, katika kitabu chake cha mwaka 1982, alikichambua Kinubi cha Kibera kama krioli yenye sarufi yake. Carlos Gussenhoven, mwaka 2006, aliuweka mfumo wake baina ya mkazo na toni. Swali linalotuhusu sisi ni jingine: tofauti hiyo yapatwa na nini katika vinywa na maandishi ya Nairobi?

Chukua msemaji wa Kawangware, ambako wengi wana asili ya Kiluhya au Kigikuyu. Lugha ya mama imemfundisha toni, lakini neno geni aghalabu hulitamka kwa kanuni ya Kiswahili. Akirudia kásulu kwa mazoea hayo, kitenzi kimegeuka jina. Maandishi yasiyo na alama hufanya kosa hilohilo: kasulu mara tatu, pasipo tofauti.

Jina la mtaa lenyewe ni ushahidi. Wanubi husema Kibra, yaani msitu; vinywa vya Kiswahili vikapachika irabu kati ya b na r, ikawa Kibera. Katika uchaguzi wa mwaka 2013 jimbo liliandikwa Kibra. Ikiwa konsonanti mbili zimerudishiwa heshima yake, mkazo unaobeba kauli ya kutendwa hauwezi kuachwa nje. Twapendekeza, basi, kila matini ya Kinubi itakayokusanywa ichapishwe pamoja na alama za mkazo, ili msomaji asiyekulia Kibera ajue nani ameosha na nani ameoshwa.