Tupa Ndani ya Mkate

Mwaka juzi nilikaa barazani Unguja na mzee mmoja, fundi cherehani, mtunzi wa nyimbo za taarab. Kidole gumba chake kilikuwa kinagonga ncha za vidole vinne, kwenda na kurudi: mizani 8, kituo. Kwenda na kurudi tena: 16. Kipande kimoja kikamgomea. Kila akihesabu kinatoka 9. Akakiimba chinichini, akasonya, akafuta “mpenzi” akaweka “nyonda”. Ikawa 8. Akanitazama kama mtu aliyetunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Nyonda! Nani siku hizi humwita mkewe hivyo? Lakini likiimbwa harusini, hakuna anayeuliza maana yake.

Husemwa taarab ilitoka Misri enzi za Sultani Barghash, na mwaka 1905 Ikhwani Safaa ikaundwa Unguja. Sawa, ila hiyo ni habari ya udi na kanuni. Maneno yalikuwapo pwani zamani, yakichezewa ngoma ya gungu.

Mimi kila nikisikia taarab nzuri humkumbuka Fumo Liyongo, yule shujaa mshairi wa kale, kifungoni Pate. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mchongaji na mwandishi wa khati, aliiandika habari yake kwa utenzi mwaka 1913. Liyongo alimtuma kijakazi Saada kwa mama yake, na ujumbe wenyewe ulikuwa wimbo: aoke mkate, tupa aifiche ndani. Walinzi wakala mikate mizuri, ule wa wishwa wenye tupa wakamwachia mfungwa. Kisha akaomba gungu. Mji ukaja kuimba, naye chini ya kelele za pembe na matoazi akawa anakata minyororo. Waimbaji walidhani wanajiburudisha, kumbe wanamfungulia.

Taarab niliyokua nayo ilikuwa hivyohivyo. Mwimbaji anaimba habari za ua, za ndege, za chombo kilichokwenda mrama. Mama mmoja anainuka na noti yake kwenda kutunza, na njiani anapita karibu na kiti cha mwenzake, polepole kuliko inavyohitajika. Hakuna aliyetajwa. Aliyeambiwa kaambiwa.

Juzijuzi nilikwenda harusi moja. Wimbo ulitaja jina la mtu, mtaa wake na kosa lake, mara 11 (nilihesabu, kwa vidole). Vina havikuwapo, wala havikutafutwa. Watu walicheza mpaka alfajiri, sikatai. Na wapo vijana wa bongo fleva wanaojua kupanga vina hasa. Kinachoniuma ni mkate kuokwa mzuri hivyo, ukiumega, ndani hamna kitu.

Mzee wangu hana mwanafunzi. Ukipita barazani ukamkuta anagonga vidole, usimwamkie kwanza. Pengine kafika ya 14.