Jinsi ya Kumpima Mwigizaji wa Uhusika: Tumtazame Jean Alexander

Katika kila tamthilia ya televisheni wapo waigizaji tunaowafuata kwa sura zao, na wapo tunaowaamini. Hawa wa pili ndio waigizaji wa uhusika: mama mwenye nyumba, mfagizi wa baa, bibi mwenye duka la mitumba. Watazamaji wengi huwapima kwa kicheko au kwa machozi waliyowatoa, lakini hata kazi mbovu huchekesha, na muziki wa huzuni humliza yeyote. Anayetaka kuitambua kazi bora kwa uhakika na amtazame Jean Alexander wa Uingereza.

Alizaliwa Liverpool mwaka 1926, akafanya kazi maktaba, kisha mwaka 1949 akajiunga na kikundi cha maigizo cha mji wa Macclesfield. Miaka iliyofuata aliipitisha katika kumbi za mikoani, zile ambamo mchezo ulibadilishwa kila baada ya muda mfupi: usiku unacheza huu, mchana unafanya mazoezi ya mwingine. Mwaka 1964 aliingia kwenye Coronation Street, tamthilia ya kampuni ya Granada ya Manchester, akiwa Hilda Ogden, mfagizi wa baa ya Rovers Return. Alibaki humo hadi Krismasi ya 1987, na kipindi chake cha kuaga kilitazamwa na watu karibu milioni 27.

Anza na vazi

Hilda alijulikana kwa aproni, kitambaa kichwani na rola za nywele zilizochungulia chini ya kitambaa. Alexander alieleza kwamba aliwakumbuka wanawake wa viwanda vya silaha wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Walishinda kazini na rola zao ili mtu akiwaalika kutoka jioni, nywele ziwe tayari. Hilda naye amezifunga miaka nenda rudi, na mwaliko hauji. Rola zinachekesha, ila ndani yake mna matumaini ya mwanamke mzima. Jiulize basi: vazi hili limetoka kwenye maisha ya mhusika, au limetoka kwenye sanduku la mavazi? Wigi lililovalishwa ili watu wacheke tu huchosha baada ya vipindi viwili.

Sikiliza sauti ikiwa kwenye shinikizo

Lafudhi si kazi ngumu mhusika akiwa ametulia. Msikilize anapogomba, anaponong'ona, anapoomba radhi. Mwigizaji dhaifu akipandwa na hasira huiacha lafudhi mlangoni na kurudi kwenye sauti yake mwenyewe. Alexander alikuwa mtu mpole, asiyependa makelele, lakini sauti kali ya Hilda haikumponyoka. Hilda pia hupenda kuimba anaposafisha, akizikimbiza noti asizozifikia. Sikiliza kwa makini: Alexander haimbi vibaya ili acheke mtu. Anaimba kama mwanamke anayeamini kwamba anaimba vizuri.

Hapo ndipo penye mpaka kati ya ufundi na mzaha. Sebuleni kwa Hilda kuna picha ya mandhari iliyotanda ukuta mzima, na juu yake bata watatu wa plasta wanaoruka. Mwigizaji mwingine angetukonyeza tuicheke pamoja naye. Alexander anaionea fahari picha ile, nasi tunajikuta tunaitetea. Ukimwona mwigizaji anajiweka juu ya mhusika wake, hasa mhusika maskini, mpunguzie alama bila huruma.

Mtazame asipokuwa na la kusema

Mumewe Hilda, Stan, mvivu na mpenda bia, aliigizwa na Bernard Youens. Wakigombana, usimtazame anayesema; mtazame anayesikiliza. Macho ya Hilda huanza kukataa kabla Stan hajamaliza uongo wake, na mkono huendelea na kazi uliyoishika. Anayesubiri tu zamu yake ya mistari hutambulika upesi: uso umetulia mno, mikono haina shughuli.

Pima anachozuia

Youens alifariki mwaka 1984, na baadaye mwaka huo Stan naye akafa katika hadithi. Siku za msiba Hilda amejikaza. Baada ya mazishi anakifungua kifurushi cha vitu vya marehemu kilichotoka hospitali. Haharakishi. Anatoa kitu kimoja kimoja, mpaka anaikuta miwani ya mumewe ndani ya kasha lake, na hapo ndipo kilio kinapomshinda.

Litazame tena tukio hilo ukiwa umezima sauti. Utaona kwamba sehemu kubwa ya tukio ni juhudi ya kutolia. Mikono inafanya kazi ya nyumbani iliyoizoea, kufungua na kupanga, na mazoea hayo ndiyo yanayomsaliti. Mwigizaji wa daraja la chini angelianza kulia kwenye kamba ya kifurushi, na kufika kwenye miwani hana akiba. Mwaka 1985 taasisi ya Royal Television Society ilimpa Alexander tuzo ya uigizaji bora, na alistahili.

Mlinganishe na mhusika wake mwingine

Kuanzia 1988 hadi 2010 Alexander aliigiza katika Last of the Summer Wine kama Auntie Wainwright, mwenye duka la vikorokoro asiyemwachia mteja atoke mikono mitupu. Watazame wawili hawa siku moja. Hilda husogea kama mtu anayeomba nafasi. Auntie Wainwright hutulia kama mwenye hakika kwamba hela itamfuata. Mwili ni ule ule, lakini kila mmoja ana dunia yake. Anayebadilisha nguo tu na kuacha mwendo ule ule hajavaa uhusika.

Maliza na kipindi cha kawaida

Tukio kubwa humbeba hata mwigizaji wa wastani. Kwa hiyo usitoe hukumu kwa kutumia kifurushi kile peke yake. Tafuta kipindi ambacho Hilda anapiga deki tu na kueneza umbeya wa mtaani, kisha uone kama bado unataka kujua jioni yake itakuwaje. Alexander aliifanya kazi hiyo ya kawaida kwa miaka 23, na hakuna nilipomwona akimwigiza Hilda kwa mazoea matupu. Alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 90. Kwangu mimi, huyo ndiye kiwango: mwigizaji anayetoa kwenye ndoo na tambara uangalifu ule ule anaoutoa kwenye kifo.