Subaru iliyolazwa haikamati barabara zaidi

Umeiona pale Msamvu: Impreza iliyolazwa mpaka matairi yamejificha ndani ya bodi, inavuka tuta kimshazari, tairi moja moja, kama mtu anayeshuka kitandani huku mgongo unamuuma. Uzuri wake siubishii, kila mtu na macho yake. Ninachobishia ni maelezo yanayokuja nayo: "Nimeishusha ili ikamate barabara." Maelezo haya yana chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayoyafanya yawe hatari.

Tuanze na chembe yenyewe. Gari likiingia kona, uzito unahama kutoka matairi ya upande wa ndani kwenda ya upande wa nje. Tairi ukiliongezea mzigo mara mbili, haliongezi mshiko mara mbili (mshiko wa barabarani, si ule wa mfukoni), linaongeza pungufu. Kwa hiyo uzito unavyozidi kuhama, ndivyo mshiko wa jumla unavyopungua. Ukishusha kitovu cha uzito, unapunguza kuhama huko. Mpaka hapo mtaa uko sahihi.

Sasa piga hesabu. Chukua gari la kilo 1,400, kitovu cha uzito kiwe sentimita 55 juu ya lami, matairi ya kushoto na kulia yaachane sentimita 150. Kwenye kona inayokusukuma pembeni kwa nusu ya nguvu ya mvutano wa dunia, zidisha 1,400 kwa 0.5 kwa 55, gawa kwa 150. Unapata kilo 257 hivi zinazohamia upande wa nje. Lishushe gari sentimita 4, zinakuwa 238. Umeokoa kilo 19. Hazifiki hata nusu mfuko wa saruji.

Na umelipa nini? Fundi akikata kwa grinda mzunguko mmoja wa springi yenye mizunguko sita, springi inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, kwa sababu ugumu wake unaenda kinyume na idadi ya mizunguko. Shokamzoba haina habari. Iliundwa kutuliza springi ya kiwandani, hii mpya inaizidi nguvu, na gari linabaki linadunda baada ya kila tuta. Tairi likiwa hewani lina mshiko kiasi gani? Sifuri.

Kuna la pili, na hili ndilo linaloua. Kama gurudumu lilikuwa na sentimita 8 za kupanda, zimebaki 4. Kutana na shimo katikati ya kona: suspensheni inafika mwisho, inagonga mpira wa kizuizi, ugumu unapanda ghafla na tairi linaachia. Dereva atasema gari "lilimtupa". Anayetembea kwa miguu pembeni ya barabara hiyo hana springi ya kumtetea.

La tatu halionekani kirahisi. Mbele ya Impreza, kama Toyota nyingi tunazoendesha, kila gurudumu lina springi iliyozunguka shokamzoba na mkono mmoja wa chini. Ukilaza gari sana, mkono huo unaanza kuelekea juu upande wa gurudumu. Ile nukta ambayo bodi inaizunguka inapolala pembeni inashuka haraka kuliko kitovu cha uzito, na umbali kati yao unaongezeka. Bodi imepewa wenzo mrefu zaidi wa kulalia! Huhisi, kwa sababu springi ngumu inakuficha.

Watetezi hunitajia Colin McRae, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza. Sawa, lakini tafuta picha ya gari lile. Liliinuliwa, na magurudumu yake yalikuwa na nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Mashindano hayo yalipoanza 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye njia zinazovunja gari la chini kabla ya chakula cha mchana. Kulaza gari ni dawa ya uwanja wa lami iliyonyooka kama meza, si ya matuta ya Mikumi wala njia ya kupanda Morningside. Na nyie mnaoinua gari kwa spesa msicheke: kilo zilezile mnazirudisha upande wa nje.

Anayetaka kona nzuri aanze na vya bei rahisi. Pima upepo matairi yakiwa baridi, ufuate kibandiko cha mlangoni. Badilisha bushi zilizokwisha na shokamzoba inayovuja, kisha piga alaimenti. Nadhani nusu ya wanaotaka kushusha gari wataishia hapo.

Ukibaki na hamu na hela, gusa stebilaiza. Impreza kwenye kona hupenda kupeleka pua nje. Stebilaiza ya nyuma iliyo nene kidogo inahamishia kazi zaidi kwenye matairi ya nyuma, ya mbele yanapata nafuu, pua inageuka. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, la sivyo hutajua kipi kilisaidia. Chagua iliyozidi ya zamani kidogo tu, na mvua ya kwanza ikinyesha nenda taratibu: ukihisi mkia unataka kutangulia, rudisha ile ya kiwandani.