Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Katika Kanisa Kuu la Canterbury, Uingereza, imehifadhiwa kofia ya vita ya Edward, mwana wa mfalme aliyekuja kuitwa Mwanamfalme Mweusi, aliyefariki mwaka 1376. Wengi huijia kwa ajili ya mwenyewe; mimi humuwaza aliyeifua. Upande wa kulia, chini ya mwanya wa macho, alitoboa matundu ya kupumulia, akayapanga yakawa umbo la taji. Upande wa kushoto aliuacha mzima, kwa kuwa mpanda farasi humwelekezea adui ubavu wa kushoto, na huko ndiko mkuki unakotua. Pumzi ikapata njia, ncha ya mkuki ikakosa pa kushika, na urembo ukapatikana mumo humo.

Kofia za namna hiyo hazikuishia makumbusho. Mwaka 2010 timu za mataifa zilikutana kwenye ngome ya Khotyn, Ukraine, kwa mashindano yaitwayo Battle of the Nations. Wanamichezo hawa huvaa deraya za mitindo ya Enzi za Kati, wakapigana kwelikweli. Panga na mashoka yao ni butu, ila mapigo si maigizo, na aangukaye ametoka. Shoka linaposhuka, kati yake na fuvu la mtu pana bamba la chuma la milimita 2 au 3, kitambaa kinene kilichotiwa pamba, na uaminifu wa mhunzi.

Uaminifu huo ulionekana zaidi katika basineti, kofia yenye utosi uliochongoka, ambayo mabingwa wa karne ya 14 waliweza kuiinua nzima kutoka pande moja la chuma. Mhunzi hulipasha pande hilo moto hadi liive, akaliegemeza kwenye fuawe na kuligonga duru baada ya duru, akilirudisha ndani kidogo kidogo kama mfinyanzi akusanyaye udongo mdomoni mwa chungu. Kila pigo la nyundo huhamisha chuma. Unene hubakizwa utosini na kwenye paji, ambako silaha hutua. Kisogoni na ubavuni hupunguzwa, shingo isielemewe. Mshono haupo. Shoka likifika halipati pa kukaa, huteleza na kuporomoka pembeni.

Watu hao walijua thamani ya kazi yao. Kule Milan, mwaka 1543, Filippo Negroli aliandika jina lake kwenye kofia ya gwaride aliyoifua kwa kipande kimoja cha chuma. Leo iko Metropolitan Museum, New York. Atiaye jina kwenye kazi yuko tayari kuulizwa.

Siku hizi nusu mbili hukatwa, zikachomelewa, mshono ukasagwa na kung'arishwa hadi usionekane. Sina ugomvi na kuchomelea. Nako kuna mafundi waaminifu. Kinachoniuma ni desturi ya kufidia ujuzi kwa unene. Bamba huchaguliwa nene kila mahali, kwa kuwa hakuna mwenye subira ya kulipunguza hapa na kulibakiza pale. Shoka halipenyi, ni kweli, lakini uzito usio na kazi hubebwa na shingo ya kijana, pambano baada ya pambano. Alichokikwepa fundi karakanani, mvaaji hukilipa uwanjani.

Wanaoinua kofia kwa nyundo wangalipo, nao ni wachache. Mnunuzi huwauliza bei, kisha siku ya kupokea, na mazungumzo yamekwisha. Haulizi unene wa paji wala wa kisogo, haingizi hata kidole ndani kuupapasa. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi tunatosheka na kuviona vikielea. Fundi asiyeulizwa hana sababu ya kumfundisha mwanafunzi kazi ya siku nyingi, na mwanafunzi asiyefundishwa ataamini kwamba kofia nzito ndiyo kofia njema. Atakapozeeka, hatakuwepo wa kumwambia vinginevyo.