Kutu bado iko kazini: uhakiki wa vitambaa vya kutu kwenye madaftari ya sanaa

Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kiloweshe kwa siki, kifungie misumari iliyoshika kutu, kifunike kwa plastiki kisha kiache siku mbili. Ukikifungua utakuta michirizi ya rangi ya chungwa, kahawia na, hapa na pale, karibu nyeusi. Hutapata vitambaa viwili vinavyofanana. Kusema kweli, inapendeza. Ndiyo maana wanaotengeneza madaftari ya sanaa, yale yanayochanganya rangi, karatasi, picha, nyuzi na vitambaa kwenye ukurasa mmoja, wameikumbatia sana mbinu hii.

Hata mimi niliipenda. Miaka minne iliyopita nilibandika kipande cha kanga ya pamba kilichotiwa kutu kwenye ukurasa wa kushoto. Ukurasa wa kulia nikabandika barua ya bibi yangu, barua pekee aliyowahi kuniandikia kwa mkono wake. Nilitaka kutu iupe ukurasa sura ya kizamani. Mwaka huu nimelifungua lile daftari. Doa la kahawia limehamia kwenye barua na kufunika salamu zote za mwanzo. Kile kipande cha kanga nacho, pale kutu ilipokuwa nene, kimekatika nilipokigusa tu kwa kidole.

Kwa hiyo huu ni uhakiki wa mbinu yenyewe na wa namna tunavyofundishana. Hoja yangu ni moja: wengi wetu tunatumia kutu kuigiza uzee, kumbe kutu ni uzee wenyewe. Siku unapoibandika, haijamaliza kazi yake.

Kinachotokea ndani ya nyuzi

Rangi nyingi za nguo hufanya kazi kwa molekuli zake kushikamana na uzi. Kutu ni habari nyingine. Siki ni asidi. Inayeyusha chuma kidogo kidogo na kukitoa msumarini kama ioni za Fe²⁺, ambazo husafiri kwenye maji na kuzama ndani ya nyuzi. Humo zinakutana na oksijeni, zinageuka kuwa Fe³⁺, kisha zinaganda kuwa chembechembe za kutu zisizoyeyuka kwenye maji. Yaani kitambaa chako hakikupakwa rangi kwa juu. Kimeota kutu kwa ndani. Ndiyo maana haitoki kwa sabuni, kama anavyojua yeyote aliyewahi kuanika shati jeupe kwenye waya wenye kutu.

Sasa, pamba ni selulosi, yaani minyororo mirefu ya glukosi iliyoungana. Hapa minyororo hiyo ina maadui wawili. Wa kwanza ni asidi iliyobaki, ambayo hukata viungo vya mnyororo. Wa pili ni zile Fe²⁺ ambazo hazijageuka. Zikikutana na peroksidi ya hidrojeni, ambayo hutokea kwa kiasi kidogo sana selulosi inapooksidishwa na hewa, huzaa radikali huru zenye ukali wa kushambulia karibu kila kilicho jirani. Huu ni mmenyuko wa Fenton, uliopewa jina la mkemia Mwingereza Henry Fenton aliyeueleza mwaka 1894. Mnyororo ukikatwa mara nyingi, uzi unapoteza nguvu. Kwa macho huoni kitu, mpaka siku unapokunja ukurasa.

Na daftari ndiyo mahali pabaya zaidi pa kufanyia haya. Nguo ukutani inapata hewa na haigusi kitu. Daftari linafungwa, kurasa zinabanana. Ukiwa unaishi Tanga, Mombasa au Unguja, unyevu wa hewani peke yake unaweza kuzisaidia ioni zilizobaki kuhamia ukurasa wa jirani.

Ushauri wa chumvi

Hapa ndipo nina ugomvi na maelekezo mengi yanayozunguka. Utaambiwa: ukishapata rangi unayoitaka, loweka kitambaa kwenye maji ya chumvi "ili kusimamisha kutu". Ushauri huu unarudiwa kama sala, na wengi wetu tunaufuata bila kuuliza.

Hebu tuulize. Kwa nini bati la nyumba iliyo karibu na bahari huisha mapema kuliko la Dodoma? Chumvi ndiyo hiyohiyo. Ioni za kloridi huvunja tabaka jembamba linalokinga chuma, na maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, hivyo kutu huenda mbio. Chumvi ya mezani pia haipunguzi asidi hata kidogo. Ikibaki kwenye kitambaa, inavuta unyevu. Ukitaka kujihakikishia, chukua misumari miwili mipya inayofanana, isiyopakwa zinki. Mmoja uweke kwenye glasi ya maji ya kawaida, mwingine kwenye maji ya chumvi, halafu uvitazame kwa juma moja.

Kinachosaidia kweli ni kazi ya kuchosha: kusuuza kwa maji mengi, mara nyingi, ili Fe²⁺ zinazoyeyuka zitoke. Katikati loweka kwenye maji yenye bikaboneti ya soda, ile ya kupikia keki, kwa sababu hiyo ndiyo inayopoza asidi. Kisha suuza tena. Sisemi kitambaa kitakuwa salama kabisa, kwa sababu chuma bado kimo. Nasema utakuwa umemwondoa adui mmoja na kumdhoofisha wa pili.

Kuna jambo jingine ninalolilaumu. Picha ya mfano hupigwa siku ileile kitambaa kinapokauka, kikiwa katika siku yake bora. Kazi inayobadilika haihukumiwi kwa picha ya siku ya kwanza.

Chai, wino na muziki wa Bach

Maelekezo mengine hupendekeza kumwaga chai ya rangi juu ya kutu ili ipate kijivu au weusi. Inafanya kazi, kwa sababu tanini za majani ya chai huungana na chuma. Lakini ujue unachotengeneza. Ni jamaa wa karibu wa wino ambao Ulaya iliutumia kwa karne nyingi, uliochanganywa kwa vinundu vya mti wa mwaloni vyenye tanini na salfeti ya chuma. Wino huo uliandika barua, sheria na muziki, kisha ukaanza kula karatasi. Baadhi ya hati za mkono za Johann Sebastian Bach zilizohifadhiwa Berlin zimeliwa hivyo: pale alipoweka noti zilizosongamana, karatasi imegeuka kahawia na kukatika. Wahifadhi wamehangaika nazo kweli. Mojawapo ya tiba zao ni fitati ya kalsiamu. Fitati hupatikana kwa wingi kwenye pumba za nafaka, na hushika ioni za chuma zisilete ule mmenyuko wa Fenton. Tafadhali usiende kuloweka daftari lako kwenye maji ya pumba. Nataka tu uone kwamba tatizo hili lina historia na wataalamu wake.

Afrika nayo ina darasa lake. Bogolanfini, kitambaa cha Wabamana wa Mali, huloweshwa kwanza kwenye maji ya majani yenye tanini, kisha huchorwa kwa tope lenye chuma lililochachushwa kwa muda mrefu. Tope likikauka, kitambaa huoshwa ili la ziada litoke, na hatua hizo zinaweza kurudiwa. Angalia: kuosha ni sehemu ya ufundi wenyewe tangu mwanzo.

Kazi nzuri ikoje?

Nisieleweke vibaya. Kuna kazi za kutu ninazozipenda. Msanii Mwingereza Alice Fox, aliyeandika kitabu Natural Processes in Textile Art (2015), alifanya kazi Spurn, ulimi mwembamba wa mchanga kwenye pwani ya mashariki ya Uingereza. Aliokota vipande vya chuma vilivyoshika kutu ufukweni, akaviacha viache alama kwenye kitambaa, kisha akashona kwa mkono akizifuata alama zile. Hapo kutu ina sababu ya kuwepo. Alama imetoka kwenye kitu fulani, mahali fulani, na sindano inaijibu. Ukiiondoa kutu, kazi haipo tena.

Linganisha na ukurasa wangu. Misumari niliinunua dukani, nikaiotesha kutu kwa makusudi, nikaweka madoa pembeni mwa barua ili paonekane "pa kale". Ukiondoa kutu pale, barua inabaki na uzito wake uleule. Kutu ilikuwa pambo tu, tena pambo lililokula kitu kilichokuwa na thamani. Kwangu, huo ndio mstari kati ya matumizi mazuri na mabaya ya mbinu hii, na kemia na uhakiki wa sanaa vinakubaliana juu yake.

Ukitaka kuendelea

Endelea, lakini kwa masharti. Usiweke kutu mkabala na kitu kisichoweza kupatikana tena: barua, picha ya zamani, cheti. Weka nakala yake na uhifadhi asili kwingine. Shona kitambaa kwa mishono michache badala ya kukigandisha kwa gundi, ili siku moja uweze kukitoa. Katikati ya kurasa tia karatasi isiyo na asidi iliyoongezwa kalsiamu kaboneti, ikichafuka, ibadilishe. Na andika tarehe uliyobandika, usome mabadiliko kama unavyosoma maandishi.

Barua ya bibi nimeitoa, sasa iko peke yake kwenye bahasha. Salamu zake hazisomeki tena, ila nazikumbuka: anauliza kama nimekula. Kile kipande cha kanga nimekiacha palepale. Kila ninapolifungua daftari naandika pembeni tarehe na upana wa tundu. Mara ya mwisho lilikuwa milimita tisa.