Moshi wa Utah kwenye daftari la California

Kuhesabu gesijoto za jimbo hakusumbui sana ikiwa mafuta yanachomwa ndani ya mipaka yake. Unachukua lita zilizouzwa au gesi iliyopimwa na mita, unazidisha kwa kiwango cha hewa ukaa cha kila nishati, basi. Kilichoisumbua California ni umeme wa kununua nje ya jimbo, ambao sheria yake ya AB 32 ya mwaka 2006 iliagiza uhesabiwe. Msomaji wa Unguja, anayeletewa umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, ataelewa haraka: taa zinawaka hapa, moshi unafuka kwa jirani.

Kwa miaka mingi Los Angeles ilipata umeme wa makaa ya mawe kutoka mtambo wa Intermountain, jimboni Utah, umbali wa karibu kilomita 785. California haina mamlaka Utah. Kwa hiyo bodi yake ya hewa, CARB, ikambana aliye ndani ya uwezo wake: yule wa kwanza kuufikisha umeme huo kwenye gridi ya jimbo. Huyo hutoa ripoti kila mwaka, na mkaguzi wa nje huipitia. Ushahidi ni hati ya kielektroniki ya kila shehena, inayoonyesha umeme umetoka wapi, umepita njia ipi na umeishia wapi.

Chanzo kikijulikana, hutumika kiwango cha mtambo wenyewe. Wa makaa ya mawe hukaribia tani 1 kwa megawati-saa. Kisipojulikana, hutumika tani 0.428, kiasi kinacholingana na mtambo wa gesi asilia. Mwanya uko hapo. Megawati-saa 1,000 za makaa zikipoteza jina njiani, zinaandikwa tani 428. Kanuni zinakataza mchezo huo, ila kukataza ni rahisi kuliko kukamata.

Na wala si lazima mtu adanganye. Mwaka 2013 kampuni ya umeme ya Southern California Edison iliiuzia kampuni ya Arizona hisa zake katika mtambo wa Four Corners, New Mexico. Hesabu ya California ikapungua kihalali, huku tanuri zilizouzwa zikiendelea kuwaka.

Mwaka 2016 jimbo lilifikia tani milioni 429, chini ya milioni 431 za mwaka 1990, lengo la AB 32, miaka 4 kabla ya muda uliowekwa. Umeme ulichangia pakubwa. Nishati ya jua na maji ina sehemu yake katika upungufu huo. Mitambo iliyobadili mmiliki nayo ina yake, na jumla moja haizitenganishi. Ningeongeza jedwali la pili, linaloifuata mitambo ile ile hata baada ya kuuzwa.