Nani kasema lazima uwe na kompyuta mbili?

Chukulia uko Rubafu, Bukoba Vijijini, likizo ya chuo. Una laptopu moja, bando la kubana na hamu ya kujua kwa nini seva huanguka. Unafungua mwongozo rasmi wa kgdb, chombo cha kusaka hitilafu ndani ya kerneli ya Linux, yaani kile kiini cha mfumo endeshi kinachogawa kumbukumbu, prosesa na diski kwa programu zote. Mwanzoni tu unaambiwa: zinahitajika mashine mbili. Kisha inakuja habari ya kebo ya siriali. Unatafuta tundu lake kwenye laptopu yako, halipo. Unafunga ukurasa.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Mwongozo hausemi uongo. kgdb iliingia rasmi kwenye Linux mwaka 2008, toleo la 2.6.26, na wazo la mashine mbili lina mantiki: ukisimamisha kerneli, kila kitu ndani ya mashine kinasimama, hata programu ambayo ungetumia kuichunguza. Mchunguzi lazima akae nje. Kosa ni kumwacha msomaji adhani kwamba huko nje ni lazima kuwe na mashine ya pili ya kushikika.

Fundi wa injini za boti haendi kujaribu injini mbovu katikati ya ziwa. Anaifunga kwenye pipa la maji nchi kavu, anaiwasha, anasikiliza. Pipa lako wewe ni QEMU, programu ya bure inayoigiza kompyuta nzima ndani ya laptopu yako. Ukiiwasha na -s -S, kerneli ya ndani inasubiri kabla ya hatua ya kwanza, nawe unaiunganisha na gdb kupitia mlango wa 1234. Jenga kerneli yenye taarifa za kusakia hitilafu, iwashe na nokaslr ili anwani zake zisihamehame, basi. Haya yameandikwa kwenye nyaraka hizo hizo za Linux, ila ukurasa mwingine. Anayeanza atajuaje?

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Mwongozo wa aina hii unakufundisha kusimamisha kerneli, wakati seva inayohudumia watu haisimamishwi hovyo. Ukiisimamisha, wote wanaoitegemea wanaganda. Seva inatakiwa kwanza iweze kuacha ushahidi, na kazi hiyo ni ya kdump. Kerneli ndogo ya pili inatengewa kumbukumbu tangu mashine inapowaka, kwa mfano crashkernel=256M. Ile kubwa ikianguka, ndogo inaamka, inanakili kumbukumbu ya marehemu kwenye diski, ndipo mashine inawaka upya. Baadaye unaisoma faili hiyo kwa programu ya crash, ukiwa na vmlinux ya kerneli ile ile iliyoanguka. Ya toleo jingine haitakusaidia.

Na huku kwetu kuna sababu ya ziada. Umeme ukikatika usiku ukarudi, seva inawaka upya. Kerneli ikianguka, inaweza pia kuwaka upya yenyewe. Asubuhi unakuta hali ile ile: logi zimekatika ghafla. Ni rahisi kusingizia umeme, ukaliacha kosa la kweli lirudi wiki ijayo. Faili ya kdump ikiwepo, umeme hauna hatia.

Kwa hiyo usianze na kebo. Weka kdump ndani ya mashine ya QEMU, kisha, ukiwa root humo humo na si kwenye seva ya watu, andika:

echo c > /proc/sysrq-trigger

Kerneli itaanguka kwa makusudi. Ikishawaka, chungulia /var/crash. Mwongozo mzuri ungeanzia hapo.